Kiggya na Hati: Makaburi ya Jamaa katika Ardhi ya Maili

Katika lugha ya Kiganda limo neno moja ambalo, tangu nianze kufundisha Kiswahili, limenishinda kulifasiri. Neno lenyewe ni kiggya, na wingi wake ni biggya. Mwanafunzi akiniuliza maana yake humwambia kwamba ni makaburi, naye huandika hivyo katika daftari lake akaridhika. Mimi siridhiki. Makaburi yaweza kuwa ya mji, ya kanisa, ya msikiti au ya askari waliokufa vitani, na mtu yeyote aweza kuzikwa humo madhali amepatiwa nafasi. Kiggya si hivyo. Ni mahali walipolala watu wa mlango mmoja, kizazi baada ya kizazi, kando ya migomba yao wenyewe, na hapo hazikwi mgeni. Neno maziara linaikaribia maana hiyo, lakini maziara ni mahali pa kuzuru, na aghalabu humkumbusha msikilizaji mtu mmoja mwenye sifa. Mava ni neno zuri la pwani, ila halisemi ni mava ya nani. Nimejaribu kusema “makaburi ya ukoo”, na nimejaribu kusema “makaburi ya familia”. Kama msomaji atakavyoona, baina ya tafsiri hizo mbili ndimo ulimo ugomvi ninaotaka kuueleza, na ugomvi huo ni wa nchi nzima ya Buganda kabla ya kuwa wa nyumba yetu.

Mwaka 2014 marehemu baba yangu, ambaye wakati huo umri wake ulikuwa umepita miaka sabini na mitano, alituita sote nyumbani. Alikuwa amenunua nusu eka ya ardhi ya maili katika saza la Busiro, mbali na mahali alipozaliwa. Fedha nyingine tulichanga sisi watoto, na sehemu isiyokuwa ndogo ilitoka kwa mama, aliyeuza ng'ombe wake wawili. Baba akatuambia kwamba desimali kumi katika ardhi hiyo, yaani sehemu moja ya kumi ya eka, zitengwe ziwe kiggya chetu. Baba mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Ndipo aliposema: “Kaka, shamba hununuliwa. Kiggya hakinunuliwi.”

Baba hakumjibu siku ile. Ili msomaji wa Tanzania au wa Kenya auone uzito wa maneno hayo, hapana budi turudi nyuma zaidi ya karne moja.

Kabla ya mwaka 1900 ardhi ya Buganda haikuwa bidhaa. Ilikuwako ardhi iliyoshikwa kwa cheo: chifu aliyewekwa na Kabaka alitawala watu pamoja na mashamba yao, na alipoondolewa katika cheo aliiacha ardhi hiyo kama aachavyo kiti. Mkulima alipewa kibanja na chifu, akamtumikia na kumpelekea pombe na nguo za magome ya mti. Asiporidhika alihama akamtafuta chifu mwingine. Wasomaji wa Bukoba hawahitaji kuelezwa kibanja ni nini, kwani neno wanalo, na katika nyarubanja, uliofutwa na serikali ya Tanzania miaka ya 1960, walipata kuona mfano wa haya ninayoyasimulia. Lakini mbali na ardhi ya vyeo ilikuwako butaka, yaani ardhi ya koo, nayo ilitambulikana kwa makaburi. Pale alipozikwa mwanzilishi wa ukoo, au wa tawi la ukoo, pamoja na wajukuu waliomfuata, palikuwa pao. Mkuu wao aliitwa omutaka, na wingi wake ni bataka. Msomaji asilihusishe neno hilo na kutaka kwa Kiswahili. Limetokana na ettaka, maana yake udongo. Kabaka mwenyewe, pamoja na enzi yake yote, aliitwa Ssaabataka, mkuu wa bataka.

Majina ya ngazi za ukoo wa Kiganda yanapendeza kwa mwalimu wa lugha. Chini ya ukoo mzima huja ssiga, ambalo ni figa la jikoni, na undugu wa maneno hayo mawili hauhitaji ushahidi mwingine. Chini ya ssiga ni mutuba, mti utoao magome ya kutengenezea nguo na sanda. Kisha huja lunyiriri, yaani mstari, na luggya, yaani ua wa mbele ya nyumba, mpaka kufikia nyumba yenyewe. Ngazi hizo zilikuwa na wakuu wao na viwanja vyao, na mtu aliyeweza kutaja baba yake, babu yake na baba wa babu yake, na kuonyesha kwa kidole mahali walipolala, alikuwa amekwisha kujieleza. Ndiyo maana maiti ilibebwa mwendo wa siku nzima, ikiwa imeviringishwa katika magome, ili ikalazwe miongoni mwa walio wake. Na kwa kuwa mke hakuwa mtu wa ukoo wa mumewe, naye alipokufa alirudishwa kwa baba zake. Mume na mke walilala nyumba moja maisha yao yote, kisha wakaagana.

Sipendi tuupake sukari wakati huo. Makabaka wa karne ya 18 na ya 19 walizinyang'anya koo nyingi ardhi zao na kuweka watumishi wao badala ya bataka. Hata hivyo, aliyenyang'anywa alijua anachodai na mahali pa kukidai, na ushahidi wake ulikuwa umelala ardhini.

Tarehe 10 Machi 1900 mapatano yalitiwa saini huko Mengo. Upande wa Uingereza alikuwako Sir Harry Johnston. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo waliosimama badala yake ni walezi wa enzi watatu: Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Nchi yote ilikisiwa kuwa maili za mraba 19,600, kisha ikakatwa kama mkate. Maili 9,000 za pori na ardhi isiyolimwa, pamoja na maili 1,500 za misitu, ziliwekwa chini ya serikali ya Uingereza. Kabaka akapata maili 350. Machifu wakubwa, watu wa nyumba ya kifalme na misheni wakapata sehemu zao. Maili 8,000 zikawekwa kwa ajili ya machifu na wenye ardhi wengine elfu moja. Kwa kuwa kipimo kilikuwa maili, ardhi yenyewe ikaitwa maili, na jina hilo halijaondoka hata leo ambapo watoto wetu hawajui tena kupima ila kwa kilomita.

Neno moja tu la mapatano hayo ndilo lililotuletea matatizo yote: kazi ya kuamua nani apewe ardhi, na apewe wapi, iliachiwa Lukiiko, baraza la machifu wenyewe. Fisi alikabidhiwa bucha. Waliokuwa na nguvu mwaka 1900 walikuwa watu walioshinda katika vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1892, na wengi wao walikuwa vijana waliolelewa katika jumba la Kabaka. Mtaka mzee wa kijijini, mwenye makaburi ya vizazi vingi nyuma ya nyumba yake, hakuwa na mtu wa kumsemea. Idadi ya waliopewa ardhi ilipanda kutoka elfu moja hadi zaidi ya elfu tatu, lakini watu wa nchi walikuwa maelfu kwa mamia. Chifu alichagua mahali palipompendeza, na mpima ardhi alipofika, mara nyingi baada ya miaka mingi, alipiga mstari ulionyoka. Maili ilikatwa pamoja na kila kilichokuwa ndani yake: migomba, watu na makaburi. Usiku mmoja tu, kwa hesabu ya historia, bataka wengi waliamka wakiwa wapangaji juu ya vifua vya babu zao.

Hapa pana jambo ambalo halikosi kunishangaza kila nilifundishapo. Apolo Kagwa, Katikkiro wa Buganda, ambaye mkono wake ulikuwa mzito kuliko mikono yote katika ugawaji huo, ndiye pia aliyetuandikia kumbukumbu za nchi. Mwaka 1901 alitoa kitabu chake cha makabaka, mwaka 1905 kitabu cha mila, na mwaka 1912 kitabu cha koo za Buganda, ambamo mtu aweza kuwatafuta wazee wa ukoo wake na mahali pao pa asili. Mtu mmoja alizitenganisha koo na makaburi yao kwa mkono wa kulia, akayaandika makaburi hayo kitabuni kwa mkono wa kushoto. Sisemi alifanya hivyo kwa hila. Yawezekana alidhani kilichoandikwa hakipotei, na katika hilo hakukosea sana, maana sisi wengine tusio na chochote ila jina la ukoo tumelitafuta humo.

Wakati huohuo ukaja ugonjwa wa malale, ulioua watu zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Victoria Nyanza. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahame mwambao wa ziwa, na kufikia mwaka 1909 visiwa vya Ssese navyo vilikuwa vimehamwa. Serikali ilikuwa na sababu nzuri, na wengi waliokolewa. Hata hivyo, msomaji afikirie koo ambazo butaka yao ilikuwa visiwani. Walipoanza kuruhusiwa kurudi, mnamo mwaka 1920, msitu ulikuwa umekwisha kula kila kitu. Kaburi lisilopaliliwa miaka kumi halitofautiani na kichuguu.

Mwaka 1921 bataka waliunda chama chao, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa James Miti. Walimwandikia Kabaka Daudi Chwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, wakamwomba si maili zote bali zile tu zilizokuwa na makaburi ya koo. Kabaka aliwahurumia. Lukiiko, ambayo wajumbe wake ndio waliokuwa wenye maili, haikuwahurumia. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda tume, na wazee wakaja mbele yake wakataja makaburi, mmoja baada ya mwingine. Jibu lilitoka London mwaka 1926: dhuluma ilikuwako, lakini yaliyokwisha kupitishwa hayawezi kupinduliwa, kwa kuwa ardhi imekwisha kuuzwa na kurithiwa. Nimewahi kuwasomesha wanafunzi habari hii, na mmoja akauliza, “Mwalimu, sasa tume iliundwa ya nini?” Sikuona haja ya kuongeza neno.

Hata hivyo serikali iliogopa. Sheria ya busuulu na nvujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928, iliweka kikomo cha kodi na ushuru ambao mwenye maili angeweza kumtoza mkulima, ikakataza asifukuzwe ovyo. Tangu hapo mwenye kibanja alikuwa na usalama mkubwa wa kulima na kukaa. Kuzika lilikuwa jambo lingine. Mwenye maili alijua vizuri maana ya kaburi katika nchi hii. Mpangaji aliyezika baba na babu katika kibanja chake alikuwa anajijengea butaka mpya polepole, na kesho wajukuu wake wangesema: hapa ni kwetu. Kwa hiyo ikawa desturi kwamba mpangaji aombe ruhusa kabla ya kuchimba, na wengine walikataliwa, wakabeba maiti yao kwenda kwa jamaa aliyekuwa na nafasi. Babu yangu alifika Bulemeezi miaka ya 1930 akapata kibanja. Mwanawe wa kwanza alipofariki akiwa mdogo, babu alikwenda kwa mwenye maili na mtungi wa pombe na jogoo, akapiga magoti, akaomba mahali pa kaburi moja. Mwenye maili alikuwa mtu mwema. Alisema, “Zika, na wewe mwenyewe utalala hapo.” Hayakuandikwa popote.

Kwa upande wao wenye maili nao walikuwa na shida ambayo haitajwi sana. Wengi wao walipewa ardhi mbali na butaka ya koo zao. Walikuwa na hati, lakini hawakuwa na wafu pale. Basi wakaanza kujizika katika ardhi yao wenyewe. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitu kipya katika nchi: kiggya katika ardhi ya mtu binafsi. Baba huzikwa kwanza, kisha watoto wake. Kwa kuwa wengi walikuwa Wakristo waliofunga ndoa kanisani, mke naye hulazwa kando ya mumewe, jambo ambalo babu zao wangalishangaa kuliona. Fungu la udongo lililopaliliwa likapisha matofali, kisha saruji, kisha vigae, na jina likaandikwa juu yake, kwa sababu mpita njia hakutazamiwa tena kumjua aliyelala pale. Kiggya cha ukoo kikawa kiggya cha nyumba. Zamani kaburi lilishuhudia ardhi ni ya nani. Sasa hati ndiyo iliyoamua nani apate kaburi, na zaidi ya hayo iliamua nani ni ndugu. Binamu asiye na jina katika hati alianza kuomba nafasi kama mpangaji.

Mtu asidhani kwamba watu wadogo peke yao ndio walioibadili desturi. Zamani kila Kabaka alikuwa na mahali pake pa kuzikwa, na mfupa wa taya lake ulitengwa na mwili ukatunzwa katika jumba jingine. Muteesa wa Kwanza, aliyekijua Kiswahili na kuketi na Waarabu na Waswahili barazani kwake, alijenga jumba lake Kasubi mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, mwili mzima, taya likiwa mahali pake. Baada yake walilazwa hapo Mwanga, ambaye mwili wake ulirudishwa mwaka 1910 kutoka Seychelles alikofia uhamishoni. Daudi Chwa mwaka 1939. Na Mutesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969 akarudishwa mwaka 1971. Jumba lao kubwa la nyasi, ambalo watu wa ukoo wa Ngeye ndio wenye haki ya kuliezeka, liliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, likaungua tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya. Wafalme waliokuwa wakizikwa mbalimbali wamekuwa na kiggya kimoja, na kiggya hicho kilianza katika nyumba ya mtu mmoja.

Swali la nani ana haki juu ya maiti, ukoo au nyumba, si la Buganda peke yake. Wasomaji wa Kenya wanaikumbuka kesi ya mwanasheria S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Watu wa ukoo wa Umira Kager wakadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilingoja miezi mitano. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Mjane alikuwa na shamba, alikuwa na ndoa, na hakuwa na neno la mwisho.

Kwa watu wa pwani jambo hili lina sura nyingine, na nikiri kwamba huwa nawaonea wivu. Profesa Ali Mazrui alipofariki Marekani mwaka 2014, mwili wake ulirudishwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus. Mji umekua pande zote, lakini makaburi yapo. Sheria ya Kiislamu inayo njia ya kuiweka ardhi wakfu, ikatoka katika mikono ya watu, isiuzwe wala isirithiwe. Ardhi ya maili haina kinga ya namna hiyo kwa desturi. Makaburi yaliyomo huuzwa pamoja nayo, na mnunuzi huyakuta kama akutavyo visiki.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Hofu ya kunyang'anywa ardhi haikulala: tarehe 5 Septemba 1945 Katikkiro Martin Luther Nsibirwa alipigwa risasi akafa huko Namirembe, siku moja baada ya Lukiiko kupitisha sheria iliyoruhusu ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya Makerere. Mwaka 1975 amri ya Idi Amin iliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kuzigeuza maili za watu binafsi kuwa mikataba ya miaka 99, ingawa vijijini wengi waliendelea kuishi kana kwamba hawakusikia. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha maili, na sheria ya ardhi ya mwaka 1998 ikamlinda mwenye kibanja kwa kiasi kikubwa.

Kwetu sisi ulinzi huo ulichelewa. Vita vya miaka ya 1981 hadi 1986 vilipiganwa katika Bulemeezi yetu. Mwaka 1983 baba na mama walikimbia na watoto mgongoni, mimi nikiwa mmoja wao, nisiyekumbuka lolote. Waliporudi, kibanja kilikuwa pori, yule mwenye maili mwema alikuwa amekwisha kufa, na warithi wake walikuwa wameiuza ardhi kwa mtu mwenye ng'ombe. Baba hakwenda mahakamani. Alichoka, nadhani, na hakuwa na karatasi. Mwenye ardhi mpya alizungusha waya, akaacha upenyo upande wa makaburi yetu saba. Aliruhusu tuje kupalilia mara moja kwa mwaka. Alikataa tusiongeze la nane. Simlaumu, aliijua nchi yake kama walivyoijua wenye maili wa mwaka 1928.

Ndiyo sababu baba alinunua ardhi Busiro, saza ambalo jina lake hukumbusha masiro, makaburi ya makabaka. Na ndiyo sababu maneno ya baba mdogo yalimchoma. Kwa baba mdogo, kiggya kilikuwa Bulemeezi nyuma ya waya, na hata kama hatukiingii, kilikuwa chetu. Kununua kingine kulikuwa ni kutia saini kwamba tumeshindwa. Wiki mbili baadaye baba alimpa jibu. Alisema, “Mdogo wangu, baba yetu naye aliomba mahali pa kaburi moja kwa pombe na jogoo. Kiggya kile tulikinunua. Tofauti ni kwamba hatukupewa stakabadhi.”

Tukaendelea. Mpima ardhi alikuja akapanda mawe ya mipaka. Ilituchukua mwaka mmoja na zaidi kuipata hati, na watumishi wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, walitutoza njiani zaidi ya tulivyotazamia. Hati ya zile desimali kumi tuliitenga na hati ya shamba, ikaandikwa majina ya watu wanne wa matumbo tofauti, ili mmoja wetu akiingiwa na njaa asiweze kuiuza peke yake. Tuliandika pia karatasi ya maafikiano: binamu na wajukuu wa babu wote wana nafasi, wawe wamechanga au hawakuchanga. Sharti hilo lilikuwa la baba mdogo, na ndilo lililomfanya atie kidole gumba. Mimi sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu nafasi kwa kufuata orodha ya michango.

Baba alifariki mwaka 2016, akazikwa saa kumi jioni, wa kwanza katika kiggya kile, peke yake katikati ya uwanja mtupu uliofyekwa. Hapakuwa na migomba bado. Baba mdogo alifika kutoka Bulemeezi na gari la asubuhi akiwa na mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mulamula, mti ambao Waganda hupanda kuonyesha mpaka wa shamba na mahali pa kaburi. Jina lake hutokana na kuamua mashauri. Alikuwa amevikata juu ya kaburi la babu, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye waya. Tulivipanda pembe nne za kaburi la baba, na vikabaki vitatu.

Hapo ndipo mama alipokichukua kimoja. Alipima kwa nyayo hatua mbili kushoto mwa kaburi, akainama akakichomeka. Wazee wa ukoo walitazamana. Mmoja wao alisema kwa upole, “Dada, wewe una kwenu. Ndugu zako watatuuliza.” Mama alijibu bila kuinua uso kwamba ng'ombe walikuwa wake, na kwamba kwa baba yake hakuna anayemjua tena ila jina.

Karatasi yetu ya maafikiano ilisema wajukuu wa babu. Ilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, mwalimu wa lugha, na nilikuwa nimeyapima maneno yake yote isipokuwa hilo. Mama hakuwa mjukuu wa babu. Nilimtazama baba mdogo nikijua kwamba akitamka neno moja la kukataa, desturi iko upande wake, na maandishi yangu pia.

Baba mdogo alichukua jembe, akaweka udongo pale mama alipochomeka kile kipande, akaushindilia kwa kisigino. Hakusema lolote, na mpaka leo hajasema. Karatasi tuliirekebisha mwezi uliofuata. Ndugu zake mama, walioko Mawokota, bado hawajaambiwa.